Uzito wa Mkia

Tarehe 9 Februari

Dada yangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeamua kustaafu kabla yangu. Mke wangu anakusalimu na anasema kitanda cha wageni kimepata godoro jipya, kwa hiyo safari hii huna kisingizio. Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Na wapwa zangu, bado wanakula kama wameajiriwa kazi hiyo?

Barua hii ni amri ya wifi yako. Tulipokatiana simu kwa mara ya tatu wiki iliyopita, alininyang'anya simu akasema, "Nyinyi wawili mkisikiana sauti mnapandisha mori. Andikianeni. Kwenye karatasi hakuna anayeweza kumkatiza mwenzake." Nimetii. Vifurushi na barua tutapitisha kwenye basi, yule karani wa mizigo ananifahamu, nilimtengenezea kabati.

Sasa tuje kwenye ndege. Ile ya vita, ya propela moja na rubani mmoja, robo ya ukubwa wa ile yenyewe. Mwili umesimama. Mabawa yakiunganishwa ni mita mbili na sentimita sabini, karakana nzima imejaa, wateja wa vitanda wanaingia kwa kuinama. Bado injini, na injini ni wewe. Hakuna fundi wa majenereta ninayemwamini kukuzidi. Siku ya klabu ya ndege za rimoti ni Jumapili ya kwanza ya Oktoba, kwenye uwanja uleule. Nimekwisha kuwaambia kwamba rubani ni dada yangu. Waliguna, lakini waache wagune.

Uzito utakuwa kama kilo kumi na nne hivi.

Ndugu yako, seremala

*

Tarehe 27 Februari

Mdogo wangu,

Nimefurahi kupata barua yako. Sisi wazima. Mgongo wa shemeji yako ni mzima kila mpira unapochezwa na mbovu kila tanki la maji linapotaka kujazwa. Wapwa zako wanakula, wanakua, wanajibu. Mwambie wifi asante kwa godoro. Angekuwa na akili hizi siku ile unamposa, asingekukubali.

Injini nimepata. Ni ya msumeno wa mnyororo, ule mkubwa wa kukatia magogo, mwenyewe aliuacha hapa gereji mwaka juzi na hajarudi. Nimeifungua. Pistoni safi, silinda haina mkwaruzo. Nitaondoa mapambo yote ya msumeno, nitatengeneza kiti kipya cha kabureta na shafti ya kubebea propela. Itapiga kelele hadi majirani wako wahame. Kwa kilo kumi na nne, kumi na tano, itaivuta ndege bila taabu.

Lakini "kama hivi" si uzito. Wewe kitanda hukipimi kwa "kama hivi". Weka ndege kwenye mizani, yote, na magurudumu yake, na betri zake, kisha niandikie namba. Namba moja tu.

Na tuelewane jambo lingine. Miaka kumi sasa nimekuwa Dada Kishindo. Ndege ya kwanza uliijenga miaka mitatu, nikaishika mimi rimoti, ikakaa hewani sekunde arobaini, ikaanguka mbele ya klabu nzima. Sawa. Wewe ndiye uliyenipa jina hilo jioni ileile, na tangu hapo hakuna arusi wala msiba wa ukoo huu ambao hukusimulia. Wanangu wamekua wakiniita hivyo. Oktoba nitairusha hii, nitaishusha chini salama, na jina hilo life hapohapo uwanjani. Ndiyo bei yangu. Pesa yako sitaki.

Dada yako

*

Tarehe 20 Machi

Dada yangu,

Tumepokea salamu. Huku mvua imekataa kuanza na vumbi la msasa limekataa kuisha. Goti ni lilelile. Mke wangu ameanza kwaya, nyumbani sasa ni sauti ya pili tu, mchana kutwa, bila ile ya kwanza.

Usikasirike kuhusu kuchelewa. Nimekuwa na ripiti. Ile ndege yenyewe ina ripiti, vile vichwa vya misumari ya kubania bati, kila mahali, kwa hiyo nami nimezitia, tone la gundi kwa kila moja, kwa sindano ya daktari. Mpaka jana ni elfu tisa na mia mbili. Ukipitisha kiganja kwenye bawa unazihisi zote. Rubani naye nimemchonga. Ana masharubu, ana miwani, ukimfungua mdomo ana meno. Mke wangu ananiuliza nani atamwangalia meno akiwa juu angani. Nimemjibu, "Mungu."

Mkia umekamilika pia. Huo utaupenda. Viungo vyake ni vya kabati la bibi arusi, havina msumari hata mmoja.

Swali dogo, nauliza tu: hiyo injini inaweza kuongezwa nguvu kidogo?

Ndugu yako

*

Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote, na pole za kwaya.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta namba. Nimepata ripiti elfu tisa na mia mbili. Nimepata meno. Kilo sijaziona.

Nguvu "kidogo" ni kiasi gani? Na ya nini? Kumi na nne haihitaji nguvu zaidi. Mkia umeutengeneza kwa mbao gani? Usiniambie habari za bibi arusi. Niambie mbao gani. Wajua vizuri kuliko mimi kwamba pua ya ndege hii ni fupi na mkia uko mbali. Kila gramu mia unayoiongeza mkiani, inabidi utie gramu mia tatu za madini ya risasi puani ili ilale sawa. Inyanyue kwa vidole viwili chini ya mabawa, kama nilivyokufundisha. Kisha niambie umetia risasi kiasi gani.

Nasubiri namba mbili sasa.

Dada yako

*

Tarehe 30 Aprili

Dada,

Natumaini mu wazima. Sisi tupo.

Mizani nimemwazimisha muuza nyama wa hapa jirani, na yeye kamwazimisha mwingine. Ikirudi nitapima. Unaniandikia kama karani wa forodha. Mimi ni fundi miaka ishirini na sita, sijawahi kurudishiwa kiti. Ukitaka kujua, mkia ni mbao ngumu, ile ninayotumia kwenye miguu ya meza. Mbao laini zile zenu za ndege za kuchezea, mimi mkono wangu unakataa. Ukizibonyeza kwa kidole zinabonyea. Mkia huu hautavunjika hata ndege ikianguka.

Kuhusu nguvu, nimelitatua mwenyewe. Kwenye kifurushi hiki kuna propela. Inchi ishirini na nane, nimeichonga kwa mkono, mbao ngumu vilevile, vanishi mara sita. Angalia unavyojiona usoni mwake. Propela kubwa itavuta zaidi. Ijaribu.

Wasalimie wapwa zangu.

Ndugu yako

*

Tarehe 11 Mei

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mkubwa wangu amepata kazi kwenye kiwanda cha maturubai, mdogo bado anatafuta sababu ya kuamka.

"Hata ndege ikianguka." Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, na sidhani kama ulijisikia. Hukujenga ndege ya kuruka. Umejenga ndege ya kuanguka mikononi mwangu na kubaki nzima. Kila kipande cha mti ulichoongeza pale nyuma ni wewe unaniambia kwamba huniamini. Ungeniandikia tu hivyo, karatasi haina uzito.

Imeniuma. Nasema wazi ili usije ukasema sikusema.

Propela yako ni nzuri kutazama. Kwa kurushia haifai, ni kubwa mno kwa injini hii, na najua nikisema hivyo utanuna mpaka Krismasi. Kwa hiyo nimeisawazisha, nimepunguza upande mmoja mpaka imetulia kwenye waya, na Jumamosi nitaifunga kwenye injini hapa mezani niiwashe, ili nikuandikie kwa ushahidi. Baada ya hapo utanunua ya dukani kama watu wengine.

Mizani ikirudi nijulishe.

Dada yako

*

Tarehe 10 Juni

Dada yangu,

Salamu. Hatujambo. Karani wa mizigo anasema hakuna kitu kutoka kwako. Nimekwenda mara nne, sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Propela ilikuwaje? Jumamosi uliyosema imepita, na nyingine tatu zimeifuata. Au ilivuta vizuri kuliko ulivyotarajia na unaona haya kukiri? Sema tu. Sitakucheka sana.

Kuhusu mambo ya kuaminiana, umelikuza jambo. Mbao ni mbao.

Ndugu yako

*

Tarehe 1 Julai

Dada,

Salamu kwa shemeji.

Kimya chako kinanichosha kuliko maneno yako, na maneno yako unayajua. Ndege imepakwa rangi. Namba zimeandikwa ubavuni. Imekaa hapa mbele yangu bila pua, na wateja wananiuliza kama ni jeneza la mtu wa ajabu. Klabu wamechapisha karatasi ya ratiba, sisi ni wa saa nne na nusu. Ukinuna, nuna, lakini niletee injini ukiwa umenuna.

Ndugu yako

*

Tarehe 19 Julai

Mdogo wangu

Sisi wazima.

Propela ilipasuka. Usichonge nyingine. Nunua ya dukani, inchi ishirini na nne.

Injini ni nzima. Itakuja wiki ijayo.

Oktoba sitarusha. Tafuta mtu mwingine.

Dada

*

Tarehe 26 Julai

Dada,

Nashukuru kwa salamu zako za maneno mawili. Sisi pia wazima, maneno matatu.

Umeiandika kwa mguu barua ile? Herufi kama za mtoto wa chekechea, moja imepanda mlima, nyingine imeshuka bondeni. Kama hunipi hata heshima ya kukaa mezani na kuandika vizuri, basi.

Propela mbao ngumu, vanishi mara sita, ipasuke yenyewe? Uliifanya nini? Na sasa hurushi. Mwezi wa pili ilikuwa bei yako, jina life uwanjani, mwezi wa saba tafuta mtu mwingine. Nimwambie nini mwenyekiti wa klabu? Mimi nakuambia ukweli, Dada Kishindo: unaogopa. Ungesema unaogopa ningekuelewa. Lakini kunisingizia propela!

Hata jina langu sijisikii kuliandika.

*

Tarehe 4 Agosti

Mdogo wangu

Injini hii hapa. Soma kabla hujaigusa.

Ifunge kwa bolti zote nne. Mtu mmoja ashike mkia, asimame nyuma. Anayewasha avae glavu nene. Swichi ya kuzimia nimeiweka mbali, kwenye waya mrefu, ili mtu asipitishe mkono mbele ya propela hata injini ikitetemeka vipi. Narudia, asipitishe mkono.

Sijakusingizia. Vipande nimevifunga kwenye gazeti, ndani ya boksi. Viangalie mwenyewe.

Wasalimie.

Dada

*

Tarehe 18 Agosti

Dada yangu,

Sijui nianzie wapi salamu. Nimeanza barua hii mara tano.

Nilifungua gazeti, nikaviona vile vipande. Kisha nikasoma tena yale maelekezo yako na herufi zile zilizolala. Nikamwita mke wangu. Alisoma barua zako mbili mara moja tu, akachukua simu, akampigia shemeji. Wewe ulimkataza shemeji asinipigie mimi. Yeye hukumkataza kupokea.

Vidole viwili. Mkono wa kulia. Wiki tatu hospitali, na mimi naandika kwamba nakwenda kwa karani mara nne, na mimi naandika kuhusu mwandiko. Dada, nimeona haya mpaka nimeshindwa kula.

Sasa nakuandikia yote, na usinikatize, nashukuru kwamba huwezi.

La kwanza. Gogo nililochongea propela ile lilikuwa na fundo, karibu na katikati. Nililikwangua, nikaliziba kwa gundi na unga wa mbao, nikapiga vanishi juu. Kwenye milango ya makabati nafanya hivyo kila siku na hakuna mteja aliyewahi kujua. Nilijiambia mlango na propela vyote ni mbao. Imepasukia palepale. Wewe uliisawazisha kwa nje, usingeweza kuona ndani. Niliyejua ni mimi peke yangu.

La pili. Mizani haijawahi kutoka hapa karakana. Ndege ina kilo ishirini na moja na gramu mia tatu. Risasi ya puani peke yake ni kilo mbili na nusu. Kwamba imezidi nilijua tangu mwezi wa tatu. Ndiyo sababu niliomba nguvu, ndiyo sababu nilichonga propela kubwa. Ungepata namba uliyoomba, propela ile isingefungwa mezani kwako.

La tatu ni la zamani na ndilo zito kuliko yote. Ile ndege ya kwanza hukuiangusha wewe. Asubuhi ile niliunganisha nyaya za mabawa kwa haraka, watu walikuwa wameanza kufika. Nilizipishanisha, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Ulipoilaza upande mmoja ikalala mwingine, na kila ulipojitahidi kuinyoosha ukawa unaizidisha. Hakuna mtu duniani ambaye angeiokoa. Niligundua nilipokuwa naokota mabaki. Nikazing'oa zile nyaya nikaziweka mfukoni. Na jioni, watu walipokuwa wanacheka, nikakupa jina lile, ili waendelee kukutazama wewe.

Mkia wa mbao ngumu sikuujenga kwa kutokukuamini. Nilikuwa sijiamini mimi. Lakini ningekuambiaje hivyo bila kukuambia yaliyobaki?

Siombi unisamehe kwenye barua.

Ndugu yako

*

Tarehe 29 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa wifi, ambaye nimemkasirikia kwa dakika kumi kisha nikamwombea dua. Sisi wazima kweli. Naandika kwa kushoto, naandika polepole, usinicheke mwandiko.

Tuanze na vidole. Havirudi. Meza ilitetemeka, injini ikataka kung'oka, nikanyoosha mkono kuzima petroli kabla injini haijaruka yote ukutani. Ndipo ilipopasuka. Spana sasa nashika kwa kushoto na gereji haijafungwa hata siku moja, shemeji yako kaugundua mgongo mzima ghafla. Basi. Usinijie na kilio, kilio nimekwisha kulia, kimetosha watu wawili.

Lile fundo limenikasirisha. Kilo ishirini na moja zimenikasirisha. Nilitaka kukupigia simu nikutukane, nikakumbuka agizo la wifi.

Zile nyaya nilijua.

Nilijua kabla yako. Ndege ilipokuwa inaanguka mimi ndiye niliyekuwa na rimoti mkononi, ningekosaje kujua kwamba inanigeuzia amri? Nilikuona ukiinama. Nilikuona ukitia kitu mfukoni. Mwaka ule ndio karakana yako ya kwanza ilikuwa imeungua, hukuwa na patasi wala msumeno wa kwako, ndege ile ndiyo ilikuwa kitu pekee ulichoweza kuwaonyesha watu ukasema nimetengeneza mimi. Nikasema moyoni, mwache, atasema kesho. Kisha nikasema atasema mwakani. Nimekungoja miaka kumi, wewe mtu! Hivi ulidhani huo mfuko wako hauna mwisho?

Ndege ilianguka, haikuniuma. Klabu walicheka, haikuniuma sana. Kilichoniuma ni wanangu. Mwezi wa sita, bandeji bado mpya, niliangusha sahani ya chakula, ikavunjika, na mdogo akasema, "Dada Kishindo kazini." Wakacheka, kwa upendo kabisa, hawana ubaya. Nikaenda jikoni nikasimama nikiangalia ukuta. Hilo ndilo nilitaka uniondolee, na nilidhani njia pekee ni kuirusha mwenyewe. Sasa siwezi kuirusha. Kidole gumba kipo, lakini mkono hautulii.

Kwa hiyo utarusha wewe. Huwezi, najua, hujawahi hata kurusha kishada. Nunua ndege ndogo ya sponji uvunje hiyo kwanza. Oktoba nitasimama nyuma ya bega lako nikuambie la kufanya, na wewe kwa mara moja katika maisha yako utasikiliza.

Dada yako

*

Tarehe 9 Septemba

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama stendi, mbele ya karani. Ameniletea kiti bila kuombwa.

Nimekata mkia. Nilishika msumeno asubuhi, nikarudisha ukutani, nikaushika tena adhuhuri. Viungo vile vya bila msumari havikutaka kuachia, na mimi niliyevitengeneza nikavivunja kwa nyundo. Nimeujenga upya kwa mbao laini, ile inayobonyea kwa kidole. Risasi ya puani imetoka karibu yote. Rubani amebaki kichwa na mabega, miguu yake wala hakuna aliyekuwa anaiona. Mbao ngumu iliyojificha ndani ya mabawa nayo nimeichimba nikaitoa. Ripiti nimezikwangua. Kilo kumi na tano na gramu mia tisa, kwenye mizani, na betri zake, na magurudumu yake. Mke wangu ameshuhudia na ametia sahihi hapa pembeni.

Ndege ya sponji nimeinunua. Imevunjika mara mbili. Ya tatu ilitua, nikapiga kelele peke yangu uwanjani, ng'ombe wa watu wakakimbia.

Oktoba nitarusha, na wewe utakuwa nyuma yangu. Ikianguka, itaangukia kwangu, na nimekwisha kumwandikia mwenyekiti wa klabu barua ya kurasa mbili kuhusu ile ya kwanza, ameahidi kuisoma mbele ya watu kabla ya saa nne na nusu. Lakini klabu wanaweza kungoja mpaka Oktoba. Kuna wawili ambao hawawezi kungoja.

Nimekata tiketi ya basi la Ijumaa. Mkubwa mwambie aombe ruhusa kiwandani. Mdogo mwamshe mapema. Jumamosi asubuhi nataka wote wawili wakae pale sebuleni, na wewe ukae katikati yao, na mimi nitasimama, niwaambie kwa mdomo wangu nani aliiangusha ndege ile, na mama yao amenibebea nini kwa miaka kumi. Wakitaka kunipa jina, wanipe.

Ukianza kunitetea nitakukatiza.

Mdogo wako